Floridi ya Lanthanamu: Chumvi Isiyomumunyika na Mtihani Wake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza sifa na mimenyuko ya floridi ya lanthanamu, ambayo ni chumvi ya mojawapo ya metali ziitwazo adimu, kisha yanaonyesha namna fuwele yake inavyotumiwa kupima floridi katika maji ya kunywa. Hoja kuu ni kwamba sifa inayoifanya chumvi hii ionekane haina faida, yaani kukataa kwake kumumunyika katika maji, ndiyo hasa inayoifanya iwe kipimo cha kuaminika. Pamoja na hayo, makala yanadai kwamba sifa hiyo haiwezi kuelezwa vyema kwa Kiswahili pasipo kutenganisha maneno ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya.

Utangulizi

Wakazi wengi wa Bonde la Ufa nchini Kenya wameishi na meno yenye madoa ya kahawia vizazi na vizazi. Chanzo cha madoa hayo kinajulikana: ni floridi iliyomo katika maji wanayoyanywa watoto wakati meno yao yangali yanaundwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa kila lita. Katika visima na chemchemi nyingi za bonde hilo kiwango hiki hupitwa, na katika maji ya maziwa Nakuru na Elementaita watafiti wamewahi kuripoti viwango vya zaidi ya miligramu 1000 kwa lita.

Sasa tujiulize: mwalimu au mhudumu wa afya atawaelezaje wanakijiji jambo hili kwa Kiswahili? Akisema kwamba maji "yana chumvi", watayaonja na kuona kwamba hayana ladha ya chumvi. Akisema kwamba maji "si safi", watafanya walivyofundishwa siku zote, yaani watayachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuiondoi floridi. Kinachoondoka ni mvuke, na floridi hubaki ndani ya maji yaliyopungua, hivyo kiwango chake katika kila lita huongezeka. Neno lisilotosha huweza kuzaa tendo linalozidisha madhara.

Makala haya yanaliendea suala hilo kwa njia ambayo huenda ikamshangaza msomaji. Badala ya kuanza na maji, tutaanza na chumvi moja nyeupe ambayo wengi wetu katika idara za Kiswahili hatujawahi kuisikia. Chumvi hiyo ni floridi ya lanthanamu. Sababu ya kuichagua ni kwamba kifaa kinachotumiwa sana katika maabara kupima floridi ya maji kina fuwele ya chumvi hii. Anayeelewa kwa nini fuwele hiyo inafanya kazi atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya tabia ya floridi yenyewe, iwe katika chupa ya maabara au katika jino la mtoto.

Kuhusu majina

Kabla ya kuingia katika kemia, yafaa tuyachunguze majina. Lanthanamu ni elementi ya 57 katika jedwali la elementi. Iligunduliwa mwaka 1839 na mwanakemia wa Uswidi, Carl Gustaf Mosander, aliyeikuta imejificha ndani ya kampaundi za seriamu. Ndiyo maana akaipa jina linalotokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufichika.

Elementi hii huwekwa katika kundi ambalo kwa Kiswahili tumezoea kuliita "madini adimu". Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, neno madini hubeba maana ya kitu chochote cha thamani kichimbwacho ardhini, ilhali hapa tunazungumzia elementi 17 ambazo zote ni metali. Metali ni aina ya elementi. Madini ni mawe au mchanga ambamo elementi hizo hupatikana zikiwa zimeungana na nyingine. Pili, elementi hizi si adimu kwa kiwango tunachodhani. Katika ukoko wa dunia, lanthanamu ni nyingi kuliko risasi, na seriamu inakaribiana na shaba kwa wingi. Zilipoanza kugunduliwa huko Uswidi mwishoni mwa karne ya 18, zilionekana katika mawe machache tu, na hapo sifa ya uadimu ikazaliwa. Ugumu wake hasa ni kwamba hutawanyika, na zinapopatikana huwa zimekaa pamoja na zinafanana mno kitabia, hata kuzitenga ikawa kazi kubwa.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. Mlima Mrima katika Kaunti ya Kwale unajulikana kuwa na metali hizi pamoja na niobiamu. Huko Gakara nchini Burundi pana jiwe liitwalo bastnesiti, ambalo ndani yake seriamu na lanthanamu zimeungana na kaboneti na floridi. Kwa hiyo lanthanamu na floridi zimekwisha kukutana ardhini kabla ya mwanakemia yeyote kuzikutanisha katika maabara.

Kwa upande wa pili wa jina, tunapaswa kutenganisha florini na floridi. Florini ni elementi ya 9. Ikiwa peke yake ni gesi ya rangi ya manjano hafifu, yenye sumu kali, na inayoshambulia karibu kila inachokigusa. Ilikuwa hatari kiasi kwamba haikutengwa hadi mwaka 1886, kazi iliyofanywa na Mfaransa Henri Moissan, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Floridi, kwa upande mwingine, ni ioni. Ni atomi ya florini iliyokwisha kuongeza elektroni moja, ikapata chaji hasi moja na kutulia. Maji ya Nakuru hayana florini, yana floridi. Tofauti ya silabi moja hapa ni tofauti kati ya gesi inayounguza na chembe tulivu inayopatikana hata katika dawa ya meno.

Kuna waandishi wanaopendelea "floraidi", kama walivyo wanaoandika "kloraidi" badala ya "kloridi". Makala haya yametumia kiambishi -idi kote. Jambo la msingi ni kushikilia utaratibu mmoja, ili msomaji akiona oksidi, kloridi na floridi atambue mara moja kwamba yamefuata mkondo mmoja wa uundaji.

Sifa za kimaumbile

Floridi ya lanthanamu huandikwa kwa fomula LaF₃. Maana yake ni kwamba kila ioni moja ya lanthanamu, yenye chaji chanya tatu, imesawazishwa na ioni tatu za floridi zenye chaji hasi moja moja. Kwa uzito, gramu 100 za chumvi hii zina takriban gramu 71 za lanthanamu na gramu 29 za florini.

Ikiwa ungaunga, chumvi hii ni nyeupe. Ikikuzwa kuwa fuwele kubwa, huwa angavu kama kioo. Ukosefu huo wa rangi una sababu yake. Chumvi za baadhi ya ndugu zake hung'aa kwa rangi: za praseodimiamu ni za kijani na za neodimiamu ni za zambarau. Rangi hizo hutokana na elektroni za tabaka la ndani ambazo hunyonya sehemu ya mwanga. Ioni ya lanthanamu haina elektroni hizo, hivyo mwanga huipita bila kupunguzwa. Fuwele ya LaF₃ hupitisha hata miale ya urujuanimno na ya infraredi ambayo kioo cha kawaida huizuia. Kwa sababu hiyo hutumiwa kupaka lenzi za vifaa maalumu. Vilevile ni kiungo kimojawapo cha kioo cha floridi kiitwacho ZBLAN, kilichogunduliwa katika miaka ya 1970 huko Rennes, Ufaransa, ambacho herufi L katika jina lake inasimamia lanthanamu.

Uzito wake kwa ujazo ni karibu mara sita ya ule wa maji. Ndani ya fuwele, kila ioni ya lanthanamu imezungukwa na floridi tisa zilizo karibu na nyingine mbili zilizo mbali kidogo. Mshikamano wa chaji chanya tatu na chembe hasi ndogo zilizosongamana namna hiyo ni mkubwa sana. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, chumvi hii haiyeyuki mpaka joto lifike takriban nyuzi 1493 za Selsiasi. La pili, haimumunyiki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno.

Hapa ndipo lugha inapotutega. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema barafu imeyeyuka, na pia sukari imeyeyuka katika chai. Kwa mwanakemia hayo ni mambo mawili tofauti. Barafu imebadilika kutoka hali ya mango hadi ya kimiminika kwa nguvu ya joto, bila kuhitaji kitu kingine. Sukari haikugeuka kuwa kimiminika. Chembe zake zimetengana na kusambaa katikati ya chembe za maji. Tukitumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, sentensi "floridi ya lanthanamu haiyeyuki" itakuwa kweli na uongo kwa wakati mmoja, kwani katika tanuri lenye joto la kutosha huyeyuka, lakini katika maji hukaa kama ilivyo.

Lugha yetu haikosi dawa ya tatizo hili. Kitenzi mumunya ni kukila kitu kinywani taratibu bila ya kukitafuna, mpaka kiishe, kama afanyavyo mtoto na peremende. Kutokana na mzizi huo tumepata istilahi mmumunyo, na kitenzi kumumunyika kwa maana ya kusambaa ndani ya kimiminika. Basi kuyeyuka na kubaki kuwa kazi ya joto, na kumumunyika kuwe kazi ya maji na vimiminika vingine. Istilahi hii haikubuniwa hewani, imechotwa katika tajriba ya mzungumzaji, na kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuihisi maana yake kabla ya kuikariri.

Namna inavyotengenezwa

Kwa kuwa haimumunyiki, floridi ya lanthanamu ni rahisi kutengenezwa. Huchukuliwa mmumunyo wa nitrati ya lanthanamu, ukachanganywa na mmumunyo wa floridi ya sodiamu. Vimiminika vyote viwili ni vyeupe kama maji. Mara vikutanapo, hutokea mashapo meupe kama ute, ambayo hutuama chini ya chombo:

La(NO₃)₃ + 3NaF → LaF₃ + 3NaNO₃

Nitrati ya sodiamu hubaki imemumunyika, na mashapo huchujwa, yakaoshwa na kukaushwa. Tukilinganisha, kloridi ya lanthanamu haifanyi hivyo. Humumunyika vizuri katika maji na hata huvuta unyevu wa hewani. Kinyume cha hayo huonekana kwa fedha: kloridi ya fedha haimumunyiki ilhali floridi ya fedha humumunyika sana. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba floridi zote ni kaidi. Kumumunyika au kutomumunyika ni matokeo ya mapatano kati ya ioni mbili, wala si tabia ya moja peke yake.

Njia nyingine ni kupitisha gesi ya haidrojeni floridi juu ya oksidi ya lanthanamu iliyopashwa joto:

La₂O₃ + 6HF → 2LaF₃ + 3H₂O

Njia hii hutoa chumvi iliyo kavu zaidi, lakini haidrojeni floridi ni hatari kubwa. Hupenya ngozi na kujiunga na kalsiamu ya mwili. Gesi hiyo hupatikana kwa kutia asidi ya salfuriki juu ya jiwe la floraiti, ambalo ni floridi ya kalsiamu. Jiwe hilo lilichimbwa kwa miongo kadhaa katika Bonde la Kerio hapa Kenya, hadi shughuli ziliposimama mwaka 2016. Jina la elementi florini lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka, kwa kuwa wafua metali wa kale walikuwa wakitia jiwe hilo katika tanuri ili metali iliyoyeyuka itiririke kwa urahisi.

Mimenyuko yake

Floridi ya lanthanamu ni chumvi tulivu. Ikiachwa hewani haibadiliki, na asidi zilizozimuliwa hazina athari kubwa kwake. Hata hivyo, utulivu si kutomenyuka kabisa. Ipo mimenyuko minne inayostahili kutajwa.

Mmenyuko wa kwanza ni ule unaotumiwa kupata metali yenyewe. Chumvi huchanganywa na kalsiamu na kupashwa joto kali ndani ya chombo kisichoingia hewa:

2LaF₃ + 3Ca → 2La + 3CaF₂

Kalsiamu huipokonya lanthanamu floridi zake, na lanthanamu hubaki ikiwa metali. Oksidi haipendelewi kwa kazi hii kwa sababu lanthanamu hushikamana na oksijeni kwa nguvu mno.

Mmenyuko wa pili hutokea chumvi inapochemshwa pamoja na asidi ya salfuriki kali. Floridi huondoka zikiwa gesi ya haidrojeni floridi, na salfeti ya lanthanamu hubaki:

2LaF₃ + 3H₂SO₄ → La₂(SO₄)₃ + 6HF

Mmenyuko wa tatu ni wa mvuke wa maji. Katika joto la kawaida maji hayaiwezi chumvi hii, lakini mvuke wenye joto kali huingiza oksijeni mahali pa baadhi ya floridi:

LaF₃ + H₂O → LaOF + 2HF

Ndiyo maana wanaokuza fuwele za chumvi hii hulazimika kuzuia unyevu wote tanurini. Unyevu kidogo tu huweza kuifanya fuwele iwe na ukungu.

Mmenyuko wa nne ndio unaotuelekeza kwenye maji ya kunywa. Fuwele ikitumbukizwa katika mmumunyo wenye besi nyingi, ioni za haidroksidi huanza kuchukua nafasi za floridi kwenye uso wake:

LaF₃ + 3OH⁻ → La(OH)₃ + 3F⁻

Kwa nini haidroksidi iweze kufanya hivyo, ilhali kloridi haiwezi? Jibu ni kwamba haidroksidi na floridi zinafanana. Zote zina chaji hasi moja, na ukubwa wao unakaribiana sana. Kloridi ina chaji hiyohiyo lakini ni kubwa mno. Haiingii katika nafasi ya floridi.

Fuwele inayopima maji

Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Martin Frant na James Ross, walitangaza kifaa cha kupima floridi ambacho kiini chake ni kipande kidogo cha fuwele ya floridi ya lanthanamu. Kifaa hicho huitwa elektrodi ya floridi. Fuwele hiyo hufungwa kwenye ncha ya mrija wenye mmumunyo ambao kiwango chake cha floridi kinajulikana. Ncha hutumbukizwa katika maji yanayopimwa. Kwa hiyo fuwele huwa ukuta kati ya maji mawili.

Ukuta huu una tabia ya pekee: ioni za floridi huweza kusogea ndani yake, lakini nyingine haziwezi. Ili usogeaji huo uwe rahisi, fuwele hutiwa kiasi kidogo cha floridi ya europiamu. Europiamu inayotumiwa ina chaji chanya mbili badala ya tatu. Kila inapokalia nafasi ya lanthanamu, floridi moja hukosekana na nafasi yake hubaki wazi. Tuchukue mfano wa benchi lililojaa watu: hakuna awezaye kujongea. Akitoka mmoja, jirani yake husogea, na jirani wa jirani naye husogea, na pengo likawa linasafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hivyo ndivyo floridi zinavyosafiri ndani ya fuwele iliyo mango na baridi.

Ikiwa kiwango cha floridi katika maji ya nje ni tofauti na cha ndani, tofauti hiyo husababisha tofauti ndogo ya umeme kati ya pande mbili za fuwele. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kiwango cha floridi kikibadilika mara kumi, umeme huo hubadilika kwa takriban milivolti 59. Mpimaji husoma milivolti hizo, akazilinganisha na za mimumunyo aliyoiandaa kwa viwango vinavyojulikana, na kupata jibu lake.

Hapa ndipo umuhimu wa kutomumunyika unapodhihirika. Lau chumvi hii ingemumunyika kama chumvi ya mezani, ingeongeza floridi katika maji yaleyale inayoyapima, na kipimo kingejipima chenyewe. Kwa kuwa hutoa floridi chache mno, elektrodi huweza kutambua kiasi cha takriban miligramu 0.02 kwa lita, yaani chini sana ya kikomo cha miligramu 1.5.

Hata hivyo, mpimaji anapaswa kuyaandaa maji kwanza. Yakiwa na asidi nyingi, floridi hujiunga na haidrojeni, na fuwele haiitambui tena. Yakiwa na besi nyingi, haidroksidi huivamia fuwele kama tulivyoona katika mmenyuko wa nne, na kipimo huonyesha floridi zaidi ya iliyopo. Aidha, alumini na chuma vilivyomo majini huweza kuikumbatia floridi na kuificha. Kwa sababu hizo maji huchanganywa na mmumunyo maalumu unaoweka pH kati ya 5 na 6 na kuzibandua floridi kutoka kwa metali hizo. Onyo kuhusu besi lina uzito wa pekee katika Bonde la Ufa, kwani maji mengi ya huko yana magadi, na magadi huongeza besi.

Kutoka fuwele hadi jino

Mfanano wa floridi na haidroksidi, unaomsumbua mpimaji, ndio pia unaoeleza yanayotokea kinywani. Sehemu ngumu ya jino imejengwa kwa fosfeti ya kalsiamu yenye haidroksidi ndani yake. Floridi ikipita, huweza kukalia nafasi ya haidroksidi. Ikiwa kiasi ni kidogo, jino huimarika dhidi ya asidi za vijidudu, na hii ndiyo sababu ya floridi kutiwa katika dawa ya meno. Kiasi kikizidi wakati jino lingali linaundwa, ujenzi wake huvurugika na jino hutokea na madoa. Kiasi kikubwa kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa na viungo.

Mfanano huohuo hutoa tiba ya maji. Huko Nakuru na kwingineko maji yamekuwa yakichujwa kwa mkaa wa mifupa ya mifugo. Mifupa iliyochomwa kwa utaratibu maalumu ina fosfeti ileile ya kalsiamu; maji yanapoipitia, floridi hunaswa na haidroksidi huachiliwa. Kwa maneno mengine, mfupa wa ng'ombe huchukua floridi ili mfupa wa mtoto usiichukue. Mkaa huo hujaa baada ya muda, na hapo kipimo huhitajika tena ili ijulikane wakati wa kuubadilisha.

Tunaweza pia kueleza kwa nini maji ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Miamba ya volkano huitoa, na maji yenyewe yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeungana na floridi na kutuama kama floraiti. Floridi ya sodiamu, kinyume chake, humumunyika na kubaki majini. Maji ya namna hii huweza kuwa laini, yakatoa povu zuri la sabuni na kuonekana hayana ila.

Hitimisho

Tumeona kwamba maelezo ya chumvi moja yametulazimisha kutenganisha madini na metali, florini na floridi, kuyeyuka na kumumunyika. Hakuna hata jozi moja kati ya hizo iliyotuhitaji kukimbilia lugha nyingine. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kinachopungua ni matumizi: istilahi zilizolala kamusini hazitofautishi chochote mpaka ziingie katika sentensi za watu.

Pendekezo letu kwa wanachama ni hili. Wanafunzi wa Kiswahili waketi pamoja na wenzao wa idara ya kemia, waandike kurasa chache kuhusu maji ya maeneo wanakotoka, kisha wazisome mbele ya wanaoyanywa maji hayo ili waone ni neno gani limeeleweka na lipi limekwama. Wakianza na floridi, ujumbe wenyewe hauhitaji maneno mengi: floridi imemumunyika katika maji, haionekani kwa macho wala haina harufu, hupimwa kwa kifaa, huondolewa kwa kuchujwa kwa mkaa wa mifupa, na kuchemsha hakuiondoi.